Kasumba ya Chakula Cheupe

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma)



Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilitangaza vita dhidi ya maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Adui huyo wa tatu alijulikana kwa sura yake. Alikuwa malaria, safura, kuhara na ndui. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusoma na kusikiliza redio, vyoo vikachimbwa, nyasi zikafyekwa, maji yakachemshwa. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Katika juhudi zote hizo aliyetegemewa kusoma, kueleza na kuonyesha mfano alikuwa mtu aliyekwenda shule.

Leo adui yule hajaondoka, ila amebadili vazi. Hapiti tena kwenye dimbwi la maji machafu peke yake. Sasa anaingia kwa mlango wa mbele, amekaribishwa, akawekewa kiti mezani, na wenyeji wake wa kwanza ndio wasomi wenyewe. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 uliofanywa kwa watu wazima wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya kila wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na watu wapatao 9 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba zaidi ya watu 9 kati ya kila 10 hawakula matunda na mboga kiasi kinachotakiwa. Haya yametokea katika nchi yenye mchicha, kunde, mapera na machungwa karibu kila pembe!

Hebu achukuliwe mtumishi mmoja wa kawaida, awe karani wa wilaya au mwalimu wa sekondari. Alfajiri hutoka nyumbani bila kula. Saa nne hunywa chai yenye vijiko vitatu vya sukari, pamoja na maandazi mawili au chapati ya unga mweupe. Mchana ni chipsi mayai na soda, au wali mweupe na kipande cha nyama, na mboga za majani zikiwekwa pembeni ya sahani kama pambo. Jioni ni ugali wa sembe, mweupe kama karatasi. Kukiwa na semina, basi ni soda tena, na sambusa, na keki. Mtu huyu hana njaa, wala hawezi kuitwa maskini mbele ya wanakijiji wake. Lakini anakaa siku tatu bila kupata choo. Tumbo limejaa, kiungulia hakimwishi, bawasiri inamwaibisha, na usingizi wa mchana unamkamata mbele ya jalada lililo wazi. Akiulizwa, husema ni kazi nyingi. Je, ni kazi kweli?

WALINZI WA TUMBO

Ili jambo hili lieleweke, lazima kwanza ijulikane chakula kinakwenda wapi. Chakula kikishasagwa mdomoni na tumboni, huingia katika utumbo mwembamba, na hapo sukari, protini na mafuta hunyonywa na kuingia katika damu. Lakini liko fungu la chakula ambalo mwili wa binadamu hauwezi kulimeng'enya. Fungu hilo ni nyuzinyuzi za mimea, ambazo wataalamu wa lishe huziita makapimlo. Zimo katika ganda la nafaka, katika maharage, katika majani, katika mizizi na katika nyama ya tunda. Kwa kuwa jina lake ni makapi, watu wengi wamedhani ni takataka. La hasha! Makapi hayo ni chakula cha viumbe wengine.

Katika utumbo mpana wa kila mtu wanaishi bakteria wasiohesabika, matrilioni kwa matrilioni. Wengi wao si maadui. Nyuzinyuzi zikiwafikia huzichachusha, kama vile togwa inavyochachuka ndani ya mtungi, na katika kuchachusha huko hutoa asidi laini ambazo mwili unazihitaji. Moja ya asidi hizo, iitwayo butireti, ndiyo chakula kikuu cha chembe zinazojenga ukuta wa utumbo mpana. Ukuta huo umepakwa ute, na ute huo ni mfano wa boma linalozuia vijidudu visivuke kuingia mwilini. Nyuzinyuzi zikikosekana, bakteria hubaki na njaa. Majaribio yaliyofanywa kwa panya yameonyesha kwamba bakteria waliokosa nyuzinyuzi hugeuka na kuanza kuula ute wenyewe. Mlinzi asiyelishwa huibomoa nyumba aliyowekwa kuilinda.

Tena nyuzinyuzi hufyonza maji, hukifanya choo kiwe laini na chenye uzito, na kukisukuma kisikawie njiani. Zikipungua, choo hukauka na kuwa kigumu. Hapo ndipo mtu hujikamua, mishipa ya sehemu ya haja ikavimba, na bawasiri ikazaliwa. Kwa hiyo anayemeza haluli kila wiki bila kubadili sahani yake ni kama mtu anayefuta maji sakafuni huku bomba likiwa wazi.

USHAHIDI KUTOKA MULAGO

Jambo hili halikugunduliwa mbali. Sehemu kubwa ya ushahidi wa kwanza ilipatikana hapa hapa Afrika Mashariki. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alifanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946 hadi 1966, sehemu kubwa katika hospitali ya Mulago, Kampala. Yeye na wenzake, akiwamo Hugh Trowell aliyekuwa ametibu watu Kenya na Uganda kwa miaka mingi, waliona jambo la ajabu. Maradhi yaliyojaza wodi za Ulaya, kama vile kidole tumbo, bawasiri na saratani ya utumbo mpana, yalikuwa nadra sana kwa wakulima wa vijijini. Burkitt aliandika barua kwa hospitali nyingi za Afrika akiuliza habari hizo, na majibu yakafanana.

Hakuishia hapo. Alipima choo, jambo ambalo wakubwa wengi waliliona la aibu. Katika taarifa iliyochapishwa mwaka 1972, wanavijiji wa Uganda walionekana kutoa choo cha wastani wa karibu gramu 470 kwa siku, na chakula chao kilipita mwilini kwa muda usiozidi saa 40. Mabaharia wa Uingereza na jamaa zao walitoa karibu gramu 100 tu, na chakula chao kilikawia kwa zaidi ya saa 70. Tofauti kubwa iliyoonekana ilikuwa sahani: upande mmoja matoke, viazi, maharage na nafaka isiyokobolewa, upande wa pili mkate mweupe, nyama na sukari.

Ni kweli kwamba si kila alichokifikiri Burkitt kimethibitishwa na wataalamu waliomfuata. Lakini shina la hoja yake limesimama. Mwaka 2015 ilitolewa taarifa ya jaribio lililohusisha Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na wanavijiji 20 wa Afrika Kusini. Kwa majuma mawili walibadilishana vyakula. Wamarekani walipewa chakula cha kijijini, na nyuzinyuzi zao zikapanda kutoka gramu 14 hadi gramu 55 kwa siku. Waafrika walipewa chakula cha Kimarekani, na zao zikashuka kutoka gramu 66 hadi gramu 12. Katika muda huo mfupi, butireti kwa Wamarekani iliongezeka mara mbili na nusu, na dalili za hatari katika ukuta wa utumbo zikapungua. Kwa Waafrika mambo yalikwenda kinyume. Damu yao ilikuwa ya Kiafrika kama kawaida, lakini haikuwakinga. Kilichowakinga hapo awali kilikuwa chungu cha jikoni kwao.

KILIMANJARO

Wapo watakaosema kwamba Pittsburgh ni mbali. Basi na waitazame Moshi. Mwezi Aprili 2025 ilichapishwa taarifa ya utafiti uliofanywa na wataalamu wa Kitanzania wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi, kwa wanaume 77 wenye afya wa mkoa wa Kilimanjaro. Kundi moja, lililozoea chakula cha asili cha ndizi, kunde, mboga za majani na nafaka nzima, lilipewa kwa majuma mawili chakula cha kizungu, yaani vya kukaangwa, mikate myeupe na vitu vya viwandani. Kundi la pili, lililozoea vyakula hivyo vya mjini, lilirudishwa kwenye chakula cha asili. Kundi la tatu liliendelea na chakula cha mjini, ila kwa juma moja likanywa mbege, kinywaji kinachochachushwa kwa ndizi na ulezi.

Matokeo yake yanafaa kubandikwa katika ukuta wa kila ofisi. Damu ya wale walioacha chakula cha asili ilionyesha dalili za mwako wa ndani kwa ndani, yaani kinga ya mwili imewashwa bila adui wa kupigana naye. Na adui wa kweli alipoletwa, yaani vijidudu vilipojaribiwa katika chembe zao za damu, chembe hizo zilipigana kwa ulegevu kuliko mwanzo. Waliorudi kwenye chakula cha asili walipata nafuu, mwako ukapungua, na baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yanaonekana majuma manne baada ya jaribio kwisha. Hata wale wa kinywaji cha kuchachusha walionyesha nafuu fulani. Habari hii isichukuliwe kuwa ruhusa ya kushinda kilabuni, kwa maana madhara ya pombe yanajulikana. Mtindi na togwa navyo huchachushwa, wala havimlevyi mtu.

Mwako huo wa ndani ndio unaoliunganisha tumbo na maradhi mengine. Ukidumu kwa miaka, huhusishwa na kisukari, maradhi ya moyo na baadhi ya saratani. Kwa hiyo tumbo likiharibika si tumbo peke yake linaloumia.

KASUMBA

Sasa liulizwe swali lililo gumu zaidi. Ikiwa chakula cha asili kina faida hizi zote, kwa nini aliyesoma ndiye wa kwanza kukikimbia?

Jibu moja ni la haki. Unga wa sembe hukaa muda mrefu bila kuharibika, kwa sababu kiini cha hindi chenye mafuta kimeondolewa. Ni laini, na unapatikana kila duka. Mtumishi anayerudi nyumbani saa moja usiku hana muda wa kuchemsha kande kwa saa tatu. Haya hayakataliki.

Lakini jibu la pili ni kasumba. Dona limepewa jina la chakula cha jela, chakula cha bweni, chakula cha mwaka wa njaa. Mtama na uwele ni vya shida. Mlenda na kisamvu havipakuliwi mbele ya mgeni. Weupe wa chakula umefanywa kuwa cheti cha maendeleo, kama vile ganda la hindi lilikuwa ushamba unaopaswa kukobolewa pamoja na unga. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wazee, na utumwa huu umeingia hadi kwenye utumbo.

Na itazamwe kejeli iliyopo. Hindi likikobolewa, pumba na kiini huondoka pamoja na sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, vitamini na madini. Unga wa dona una kiasi cha gramu 7 za nyuzinyuzi katika kila gramu 100. Unga uliokobolewa hubaki na kiasi kidogo kuliko hicho. Pumba zile huuzwa kwa ajili ya mifugo. Basi kuku wa mtumishi, katika banda nyuma ya nyumba, anakula sehemu iliyo bora ya hindi, na mwenye kuku amekaa mezani na iliyobaki!

HOJA ZA WANAOSITA

Wako wanaosema kwamba maharage yanawajaza gesi. Ni kweli. Gesi hiyo ni alama kwamba bakteria wameanza kazi baada ya likizo ndefu. Dawa yake si kuyakimbia maharage. Yalowekwe usiku kucha, maji yake yamwagwe, yachemshwe hadi yaive barabara, kisha mtu aanze kwa kiasi kidogo na kuongeza juma hadi juma huku akinywa maji ya kutosha. Tumbo nalo huzoea.

Wako wanaosema kwamba wana vidonda vya tumbo na kwa hiyo hawawezi kula dona wala maharage. Tangu uchunguzi wa Barry Marshall na Robin Warren wa Australia, uliowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2005, inajulikana kwamba vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na vingine na dawa za kutuliza maumivu zinazomezwa ovyo. Mwenye dalili apimwe na kutibiwa hospitalini. Asiyahukumu maharage bila ushahidi.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi, nayo haifai kupuuzwa. Mahindi yaliyovunwa mabichi na kuhifadhiwa penye unyevu huota ukungu wenye sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Dona la mahindi mabovu ni hatari. Kwa hiyo anayesaga dona achague mahindi yaliyokauka vizuri, ayapembue, atupe yaliyooza na yenye ukungu, na asage kidogo kidogo, unga wa kutosha wiki mbili au tatu, usije ukachacha.

Kuhusu fedha, dona halihitaji mshahara mpya. Debe moja la mahindi likisagwa zima hutoa unga mwingi kuliko likikobolewa. Kunde, choroko, mbaazi na mchicha mara nyingi ni rahisi kuliko chipsi na soda. Soda moja ya mililita 350 huwa na sukari ya vijiko vya chai 8 au 9, na haina hata uzi mmoja wa kumpa bakteria.

WAJIBU

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi, na chumvi isifike gramu 5. Kwa lugha ya jikoni, nusu ya sahani iwe mboga na matunda, nafaka iwe nzima mara nyingi iwezekanavyo, jamii ya kunde iwepo kila siku, na tunda liliwe kama tunda, wala lisikamuliwe na kutiwa sukari. Viongezwe maji na kutembea kwa miguu, na haja isizuiliwe kwa kungoja kengele au kikao kiishe. Na anayeona damu katika choo, au anayekonda bila sababu, au ambaye choo chake kimebadilika kwa majuma kadhaa, asijitibu kwa haluli wala kwa aibu. Aende hospitali mapema.

Hata hivyo, mtumishi na mwalimu hawaulizwi habari za sahani zao tu. Wao ndio waandaaji wa sahani za wengine. Ofisa anayeidhinisha viburudisho vya semina anaweza kuandika maji, karanga, ndizi na muhogo wa kuchemsha mahali palipoandikwa soda na keki. Kamati ya shule inayonunua chakula cha mchana inaweza kuchagua dona safi na maharage, na kuweka bustani ya mchicha na miche ya mipapai nyuma ya madarasa. Mwalimu mkuu anaweza kukaa na mama wauzaji wa langoni wakaafikiana kwamba mapera, ubuyu na mahindi ya kuchemsha vipewe nafasi ya kwanza mbele ya pipi na soda. Hakuna hata moja kati ya haya linalongoja waraka kutoka juu.

Tena mtoto hujifunza kwa macho kuliko kwa masikio. Mwalimu akifundisha saa tatu kwamba nyuzinyuzi ni muhimu, kisha saa nne akatuma soda na maandazi, darasa zima limekwisha kujua somo gani ni la mtihani na lipi ni la maisha. Akikaa chini ya mwembe pamoja na wanafunzi akala kande kutoka sufuria moja nao, ameifuta kasumba ya miaka mingi kwa kijiko kimoja.

Bonde la Ziwa Eyasi linaishi Wahadzabe, ambao mizizi, ubuyu na matunda ya porini huwapa nyuzinyuzi nyingi kuliko karibu watu wote waliopimwa duniani. Taarifa ya wataalamu ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba baadhi ya bakteria wa matumbo yao hupungua msimu mmoja na kurudi msimu mwingine, kwa kufuata chakula kinachopatikana. Hilo ni somo la matumaini. Utumbo huitikia kile unachopewa, na wale wa Kilimanjaro na Pittsburgh wameonyesha kwamba majuma mawili yanatosha kuanza kuona tofauti.

Majuma mawili, ndugu, si muda mrefu. Ni nusu ya mwezi wa mshahara. Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga hii inasagwa katika mashine ya mtaani, inachumwa bustanini, inachemshwa katika sufuria ya nyumbani. Kinachohitajika ni msomi kukubali kwamba ganda alilolidharau ndilo lililowalinda wazazi wake, na kulirudisha mezani mbele ya wageni, bila haya.